Mrejesho: visima vya Kilosa vimekaa mahali pake

Wakuu, niliuliza kwa nini visima nilivyonakili kutoka ramani ya zamani ya Kilosa, ile ya 1:50,000, vinaangukia karibu mita 300 kaskazini ya vilipo nikiviweka juu ya OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani. Aliyejibu "angalia datamu", yaani msingi ambao vipimo vya mahali huhesabiwa kutoka kwake, alilenga penyewe.

Ramani zile zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, ilhali GPS ya simu hutumia datamu nyingine, WGS 84. Faili la visima nimelitambulisha kwa EPSG:21037 (namba ya utambulisho ya mfumo wa Arc 1960, UTM kanda 37 Kusini; UTM hugawa dunia kwa kanda), kisha nikalihifadhi upya kwa EPSG:32737 (kanda ileile kwa WGS 84). Msichanganye mambo haya mawili: kubadili jina la mfumo kwenye tabaka (data zinazowekwa juu ya ramani, kama hivi visima) hakubadilishi namba zilizomo, kinachozibadilisha ni kule kuhifadhi upya. Mlio Mwanza tumieni kanda ya 36, yaani 32736.

Nimepita visimani na simu kukagua. Tofauti iliyobaki ni mita chache, na simu ya kawaida nayo hukosea kiasi hicho, kwa hiyo sigombani nayo.

Mkuu uliyenishauri nisogeze tabaka zima kwa mkono hadi "likae": hapana. Ukileta karatasi ya pili ya ramani unaanza upya, na hakuna atakayejua ulisogeza kiasi gani.

Vijia vingi vya vijijini bado havimo kwenye OpenStreetMap. Naendelea kuvichora kwenye JOSM, programu ya kuhariri OpenStreetMap, juu ya picha za satelaiti, ila msituni miti inaficha njia. Mliofanikiwa hapo mlifanyaje?