Kwa nini Frau im Mond ilipatia safari lakini ikaukosea Mwezi?

Mtazamaji wa Kale aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimetazama Frau im Mond, yaani Mwanamke Mwezini, filamu ya Kijerumani isiyo na sauti iliyoongozwa na Fritz Lang kwa hadithi ya mkewe Thea von Harbou, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 15 Oktoba 1929. Sehemu ya mwanzo, yenye majasusi na wizi wa michoro, inajikokota. Lakini tangu roketi inapotolewa bandani ikiwa imesimama wima, huku taa kubwa zikimulika usiku na umati ukishangilia, hadi inapoiacha dunia, sikuweza kubandua macho.

Kinachonitatiza ni hiki. Wasafiri wanalala chali vitandani ili waweze kustahimili msukumo wa kuondoka. Roketi inatupa sehemu yake iliyokwisha mafuta na kuwasha inayofuata. Uzito unapotoweka, sakafuni kuna vitanzi vya kuingizia miguu na juu kuna vishikio vya mikono, na kinywaji kinachomwagwa kutoka kwenye chupa kinaelea hewani kama matone makubwa ya mviringo. Haya yote yalipigwa picha miaka 32 kabla ya Yuri Gagarin kuruka. Kisha watu hao hao wanatua Mwezini, Profesa Manfeldt anawasha kiberiti kupima hewa, na muda si mrefu wanatembea bila kofia za kupumulia huku yeye akitafuta kilichofichika ardhini kwa kijiti cha kubashiria. Inakuwaje filamu moja iwe makini hivyo njiani, halafu ilegee hivyo ikifika?

Fundi Mitambo alijibu:

Ndugu Mtazamaji, jibu la nusu ya kwanza lina jina: Hermann Oberth. Huyu alizaliwa Transylvania mwaka 1894, na tasnifu yake kuhusu roketi ilikataliwa kwenye Chuo Kikuu cha Heidelberg, ndipo mwaka 1923 akaichapisha kama kitabu, ambacho kiliwaamsha vijana wengi wa Ujerumani. Lang alimwajiri kuwa mshauri wa filamu, pamoja na mwandishi Willy Ley, na unachokiona njiani ni hesabu za Oberth zilizopewa umbo.

Ili uone ukubwa wa hatua hiyo, linganisha na filamu ya Georges Méliès ya mwaka 1902 kuhusu safari ya Mwezini, ambamo wasafiri wanafyatuliwa kwa mzinga. Kuiacha dunia moja kwa moja kunahitaji kasi ya kilomita 11.2 hivi kwa sekunde. Ukitaka kuifikia kasi hiyo ndani ya mzinga wa mita 270 hivi, kama ule aliouwaza mwandishi wa riwaya Jules Verne mwaka 1865, mwili wa msafiri utalemewa na zaidi ya mara 20,000 ya uzito wake, na hapo hakuna atakayebaki hai. Roketi inaongeza kasi kidogo kidogo, hivyo mwili unalemewa mara chache tu ya uzito wake kwa dakika chache: ni mateso, lakini yanavumilika, hasa kwa aliyelala chali. Ndiyo maana vile vitanda vinaonyeshwa kwa muda mrefu, pamoja na nyuso zilizokunjamana na mkono wa Helius, kiongozi wa safari, unaojikongoja kuufikia mtambo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu nzima.

Kuhusu kutupa sehemu zilizokwisha, sababu yake ni kwamba tangi tupu ni mzigo ambao mafuta yaliyobaki hayapaswi kuubeba. Roketi ya Scout, iliyorusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa na hatua, yaani sehemu, nne kwa sababu hiyo hiyo.

Binti wa Nyota alijibu:

Naomba niitetee kidogo ile nusu ya pili, kwa kuwa wengi huidharau bila kutazama roketi inatua wapi. Inatua upande wa Mwezi ambao hauonekani kamwe kutoka duniani. Katika miaka ya 1850, mwanafalaki Peter Andreas Hansen, aliyefanya kazi Gotha, Ujerumani, alipendekeza kwamba kitovu cha uzito wa Mwezi kimesogea kuelekea upande ule wa nyuma kwa kilomita zipatazo 59. Kama ingekuwa hivyo, upande tunaouona ungekuwa sawa na mlima mrefu uliokosa hewa, ilhali hewa na maji vingetulia kule nyuma kama vinavyotulia bondeni. Mwanafalaki mwenzake Simon Newcomb aliibomoa hoja hiyo mwaka 1868, na wanafalaki wakaiacha. Hata hivyo, mwaka 1929 hapakuwa na jicho la mwanadamu wala kamera iliyokwisha kuuona upande huo. Picha za kwanza zilipigwa na chombo cha Kisovieti Luna 3 mwezi Oktoba 1959, miaka 30 baada ya filamu. Harbou alichagua mahali pekee ambapo hakuna aliyeweza kumwonyesha picha ya kumkanusha.

Sababu ya pili ni ya kisanaa, nami naiona nzito zaidi. Filamu isiyo na sauti husimulia kwa uso. Maneno machache tu huandikwa kwenye vibao, na mengine yote lazima yasomwe machoni na midomoni mwa waigizaji. Fikiria lile tukio la mwisho, ambapo oksijeni imepotea na mmoja lazima abaki nyuma, kisha uwafunike waigizaji wakuu, Gerda Maurus na Willy Fritsch, kwa kofia za chuma. Hakuna kitakachobaki cha kutazamwa.

Mtazamaji wa Kale alijibu:

Dada Binti wa Nyota, nashukuru sana, hoja ya nyuso imenigusa. Nina swali moja la nyongeza: je, ni kweli kwamba desturi ya kuhesabu kinyumenyume kabla ya kurusha roketi ilitokana na filamu hii?

Mzee wa Maktaba alijibu:

Lang mwenyewe alidai hivyo. Alieleza kwamba ukihesabu kwenda mbele, mtazamaji hajui utaishia wapi, lakini ukihesabu kurudi nyuma kila mtu anajua kwamba mwisho umekaribia. Kwa kuwa hapakuwa na sauti, namba zinatokea kwenye vibao, moja baada ya nyingine, hadi kibao cha mwisho kinachosema: Sasa! Na walioanza kujenga roketi za kweli Ujerumani walikuwa wameiona filamu hii.

Hapo ndipo pana jambo ambalo naona lisiachwe nyuma. Oberth aliahidi kurusha roketi halisi siku ya uzinduzi, kwa fedha za Lang na za kampuni ya filamu ya Ufa, lakini hakuwahi. Jaribio moja lililipuka na kumjeruhi jicho. Mwaka 1930 alifaulu kuiwasha injini ndogo huko Berlin, na miongoni mwa vijana waliomsaidia alikuwapo Wernher von Braun, ambaye baadaye aliongoza utengenezaji wa roketi ya V-2. Wanazi walipotawala, waliiondoa filamu kwenye maonyesho na kuchukua hata vielelezo vya roketi yake, kwa kuwa ilifanana mno na silaha walizokuwa wakizitengeneza kwa siri. Tarehe 3 Oktoba 1942, roketi ya aina ya V-2, kombora la kivita la Wanazi, iliporuka kwa mafanikio kwa mara ya kwanza kutoka kituo cha majaribio cha Peenemünde, ubavuni ilikuwa na mchoro wa mwanamke aliyeketi juu ya hilali. Baadaye roketi hizo ziliunganishwa ndani ya mahandaki na wafungwa wa kambi ya mateso ya Dora, ambao walikufa kwa maelfu, nazo zikaangukia London na Antwerp.

Chombo kilichomo kwenye filamu kinaitwa Friede, yaani Amani, jina lile lile la mhusika mwanamke. Sisemi kwamba Lang ana hatia; yeye aliihama Ujerumani mwaka 1933, na Ley akafuata mwaka 1935. Lakini wahandisi walioupaka ule mchoro walijua walikotolea picha yao, na walijua pia kwamba kilichokuwa kikijengwa ni silaha.