Eti "mleteni kakakuona mwenyewe aandike maelezo"! Yule bwana wa ng'ambo ya mpaka leo kanivuruga

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Nimetoka ofisini kwake sasa hivi, hata kofia sijavua.

Jina simtaji. Aliyewahi kupeleka jalada ng'ambo anamjua: yule wa miwani ya kamba, ambaye barua za maombi zimelala mezani kwake mpaka zinakaribia kutaga mayai.

Nilibeba jalada la magunia manne ya magamba ya kakakuona. Lakiri hazijaguswa, picha zipo, namba ya gari ipo, namba ya simu ya mnunuzi ipo, na mnunuzi mwenyewe anaishi upande wake, analala usingizi mnono. Niliomba kitu kimoja tu: ahojiwe. Bwana mkubwa akafunua ukurasa wa kwanza, akafunga. "Mlalamikaji ni nani?" Nikamjibu ni serikali. Akasema hapana, anamtaka aliyedhulumiwa. "Mleteni kakakuona mwenyewe aandike maelezo." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mlinzi wa getini alicheka, na sidhani kama alisikia.

Kakakuona aandike maelezo!

Mmewahi kushika gamba moja? Ni kama kucha, na ndivyo lilivyo, keratini ileile ya kucha zako. Nililomwekea mezani lilikuwa bado na kipande cha ngozi iliyokauka kwenye shina. Alilisukuma pembeni kwa kalamu. Kwa kalamu, wakuu, kama anasukuma mende! Ndipo akasema mleteni aandike maelezo.

Spishi zote 8 za kakakuona ziliingizwa Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016. Nchi yake imo, yangu imo. Miezi saba nimekesha na jalada hili, halafu nachekwa.

Kijiti: Pole mkuu, ila mbavu zangu. Aandike kwa mguu wa mbele au wa nyuma?

BiLakiri: Samahani, swali. Kama lakiri hazijaguswa, gamba la mezani limetoka gunia lipi? Wakili wa utetezi akiuona uzi huu, kesi yako imekwisha.

Mleta uzi: Ni sampuli, ilitolewa kabla ya kufunga na ina fomu yake yenye saini mbili. Yaani katika yote hayo wewe umeliona gamba? Aliyesema mleteni kakakuona hujamwona?

MzeeWaJalada: Huyo bwana hana adabu, hata mimi alishanitoa jasho. Lakini tuseme kweli. Kwao adhabu ya juu ya kosa hilo ni miaka miwili. Mkataba wa Palermo wa 2000, ule wa uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, unahesabu uhalifu mkubwa kuanzia kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 4 au zaidi. Hapo hata angekaa malaika kwenye kiti kile, ombi la kumrejesha mtu kwenu ashtakiwe linagonga mwamba. Sheria za pande mbili zisipolingana mtaendelea kuchekwa.

Mleta uzi: Sikuomba arejeshwe! Niliomba AHOJIWE! Kumuuliza mtu "gari hili ni lako?" kunahitaji miaka mingapi?

Kijiti: Aanze kuhojiwa kakakuona.

Dampo: Ninyi wa wanyama mna nafuu. Sisi wa taka tunapokea kontena, hati inasema vifaa vya umeme vilivyotumika, ukifungua ni skrini zilizopasuka na nyaya zilizoungua. Mkataba wa Basel wa 1989 unasema taka zilizosafirishwa kinyume cha sheria na msafirishaji zirudishwe zilikotoka. Waandikie basi, usubiri jibu mpaka uote mvi. Abidjan, Ivory Coast, 2006 watu waliamka na harufu ya taka za sumu zilizotoka meli ya Probo Koala. Tena hilo dunia nzima ililijua. Haya makontena yetu nani anayajua?

Nanga: Taka angalau zinakaa hapo ulipozikuta. Njoo kwenye uvuvi. Meli moja nimeiona na majina matatu na bendera tatu. Mkataba wa hatua za bandari wa 2009, ule wa kupambana na uvuvi haramu, unaruhusu kuinyima bandari. Tukiinyima sisi, inashusha samaki kwa jirani ambaye hajajiunga.

BiLakiri: Majina matatu? Namba ya IMO, ile ya utambulisho wa meli kimataifa, haibadiliki hata meli ikiuzwa mara kumi. Mngeangalia ubavuni.

Nanga: Imepakwa rangi juu yake, dada. Unadhani hatuna macho?

Dampo: Mnazo boti za doria, sisi tuna kalamu na daftari, bado mnalalamika?

Nanga: Boti moja. Mafuta hayajaja tangu mwezi uliopita.

Mleta uzi: Jamani, alilisukuma kwa kalamu.

BiLakiri: Nanga, tupia picha ya hiyo meli, nikuze ubavu tuone namba.