Morris Minor ya babu inakata umeme wote ghafla barabarani, naombeni ushauri

MtotoWaBububu: Assalaam alaykum wakuu. Nina Morris Minor 1000 ya 1963, gari ya marehemu babu. Inakwenda vizuri tu, mara umeme wote unakatika. Injini inazima, honi kimya, taa kubwa hazipo, hata pampu ya mafuta hailii tena ile tik tik yake. Nikibamiza boneti, umeme unarudi. Jana imenifanyia hivyo Mtoni, magharibi imeshaingia, daladala iko nyuma yangu, nimebakia na ile taa nyekundu ndogo ya chaji tu. Betri mpya. Jumamosi gari hii ndo inambeba bi arusi, mtoto wa dada yangu. Nifanye nini? Na nani anajua pa kupata wayaringi kamili (nyaya zote za umeme) ya Toyota Starlet, fundi umeme anataka kuniwekea?

KasaMweupe: Fyuzi hiyo mkuu. Badilisha zote, ulale.

Nahodha_Wete: Umenikumbusha Land Rover yangu, Series III. Ilishushwa gia boksi kwa ajili ya klachi, fundi akasahau kuurudisha waya wa ethi unaounganisha injini na chasisi. Nimepiga stata nimebeba karafuu, kebo ya choki ikapata moto mpaka ikatoa moshi! Umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye kale ka kebo. Gari ile ilinilisha mimi na wanangu, na mpaka leo nikipita njia ya Konde naikumbuka.

FundiKibapa: Si fyuzi. Morris hiyo ina fyuzi 2 tu, na taa kubwa na umeme wa koili ya plagi havipiti humo. Fyuzi zote zikiungua, injini itaendelea kunguruma na taa zitawaka. Kinachoua kila kitu kwa pamoja kipo juu zaidi: vichwa vya betri, waya nene za rangi ya kahawia zinazokwenda kontrol boksi (kisanduku cha kuratibu chaji), au ethi ya betri kwenye bodi. Gari imefanyiwa nini karibuni?

MtotoWaBububu: Haijafanyiwa kitu. Nimeiosha tu.

Bi_Mbweni: Mwanangu, bi arusi hapandishwi gari inayozima njiani magharibi. Mtoto wa watu kavaa, kajifukiza udi, kapambwa hina, asimame Mtoni anasubiri boneti libamizwe? Tafuta gari nyengine, hiyo itengeneze kwa nafasi.

FundiKibapa: Naheshimu maneno ya Bi, lakini naomba nijibiwe. Tatizo limeanza lini hasa? Kabla yake gari ilikuwa wapi?

MtotoWaBububu: Basi, limeanza tangu itoke kupigwa rangi. Lakini rangi na umeme wapi na wapi? Imechunwa yote mpaka bati, ikapakwa puti, ikapigwa rangi mpaka chini ya sahani ya betri, inang'ara. Fundi umeme kashaiona, kasema waya hizi za kitambaa zimekufa, zing'olewe zote aweke za Toyota. Nshampa nusu ya pesa. Na msiniambie nimetapeliwa, mtaani kwetu anaaminika. Picha ya betri hiyo hapo.

KasaMweupe: Subiri kwanza! Chanya ya betri imefungwa kwenye bodi! Umeigeuza betri, kaka! Ndo maana!

FundiKibapa: Hajageuza. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ile yalitoka kiwandani hivyo, chanya kwenye bodi. Usiiguse. Ukitaka kugeuza, lazima uigeuze dainamo (mashine ya kuchaji betri) pia na waya za koili. Na hapo ndipo mpango wa Starlet unaponitia hofu: wayaringi ile imekusudiwa hasi kwenye bodi, na imekusudiwa oltaneta, mashine ya kuchaji ya kisasa. Dainamo yako na kontrol boksi yake havina pa kukaa humo.

MtotoWaBububu: Fundi umeme wangu kasema ataunga ataunga, itakubali.

Msemakweli_Ng'ambo: Wadau, hii ni chai. Someni tena mwanzo. Anasema umeme WOTE umekatika, halafu amebakia na taa nyekundu ya chaji. Taa hiyo ilipata umeme wapi? Huyu hana tatizo. Ana gari imetoka rangi, anataka izungumzwe, kesho mtaona tangazo la kuuza. Picha yenyewe ya betri tu, gari haionekani.

KasaMweupe: Kweli eti. Nambari ya gari mbona kaificha?

MtotoWaBububu: Wallahi sijadanganya neno hata moja. Gari ya babu siuzi!

Nahodha_Wete: Ukiuza nifikirie mimi kwanza.

FundiKibapa: Tusimtuhumu mtu. Taa ile ndiyo inayonifanya nimuamini, maana asiyeliona jambo hili kwa macho yake asingeweza kulitunga. Kibalbu kile ni wati 2 na ushei. Taa kubwa mbili zinazidi wati 70. Umeme ukikuta kiungo kibovu, kidogo kinapita, kingi hakipiti, basi kibalbu kinawaka na vizito vyote vinakufa. Kwa hiyo waya haujakatika, umekaa juu ya rangi na puti badala ya bati. Tena dainamo haitoi kitu injini ikizunguka polepole, gari inabakia kutegemea betri peke yake. Mtoni ulikuwa unapunguza mwendo, sivyo?

MtotoWaBububu: Daladala ya mbele ilikuwa inashusha abiria, ndiyo.

FundiKibapa: Chukua mita, weka volti. Mguu mmoja kwenye chanya ya betri, juu ya posti yenyewe, si kichwa cha waya. Mwengine kwenye bati tupu la bodi. Umeme ukikatika, usibamize boneti, washa taa kubwa usome. Ikizidi nusu volti, kiungo kibovu.

MtotoWaBububu: Imesoma 9 na kitu.

MtotoWaBububu: Nimechukua waya wa kuazimia chaji, kutoka chanya ya betri mpaka bolti tupu ya bodi. Honi imelia mpaka jirani katoka nje. Taa zote zipo.

FundiKibapa: Fungua bolti ya ethi, kwangua rangi mpaka bati ling'are, futa, kaza, kisha paka grisi juu, maana hewa yetu ya chumvi hailiachi bati tupu. Na ethi ya injini itazame vile vile. Waya za kitambaa zikague moja moja, zile zilizokauka ndizo zibadilishwe.

Msemakweli_Ng'ambo: Video ya honi ikilia iko wapi?

MtotoWaBububu: Na ile nusu niliyompa fundi? Kaja asubuhi na waya za Toyota mkononi, yupo hapa barazani anakunywa kahawa.

Bi_Mbweni: Mwambie kwa adabu, mwanangu. Na gari ya akiba Jumamosi bado naitaka.