Wauza mashine za kukatia majani, acheni kutusingizia kwamba sisi ndio tunaoua injini

Wakuu, nimekaa wiki nzima nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika.

Mimi hapa Moshi nakata majani, ndiyo kazi inayolisha nyumba yangu. Nina viwanja vya shule mbili, nyumba za wageni tatu na makaburi ya kanisa. Mwaka jana mwezi wa pili nilinunua mashine mpya kwa Sh780,000, hela ya upatu niliyoisubiri kwa zamu. Duka silitaji, wala chapa siitaji. Muuzaji aliniapia kwamba injini ile nitawarithisha watoto. Imefanya kazi miezi 14. Ilianza kutoa moshi wa bluu, ikawa inakunywa oili, mwisho ukivuta kamba inakuja laini kabisa, haina upinzani. Kompresheni, ile nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, imekwisha.

Nikaipeleka dukani. Fundi wao hakuifungua. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, akaniambia: "Kaka, hii umeiua mwenyewe, oili hubadilishi." Nikatoa daftari. Ninalo daftari, wakuu! Kila saa 25 za kazi namwaga oili ikiwa bado ya moto, natia mpya, naandika tarehe. Sponji ya hewa naiosha kwa sabuni kila Jumamosi, naikamua, naikausha, naipaka oili kidogo. Daftari hakulishika hata. Nikasema basi niuzie pistoni na ringi, zile pete zinazoizunguka, nitafunga mwenyewe. Jibu: "Hizo haziji. Injini hizi hazifunguliwi, ikifa unachukua nyingine."

Yaani niwalipe tena laki saba na themanini kila mwaka?

Sasa sikilizeni. Nyuma ya banda la kuku nilikuwa na mashine ya marehemu mzee wangu, yenye injini ya kampuni ya Briggs & Stratton ya nguvu farasi 3.5. Aliinunua mnadani mwaka 1996, wageni fulani walipokuwa wanarudi kwao. Namba ya tarehe iliyogongwa kwenye kava inaanza na 8804, maana yake imetoka kiwandani Aprili 1988. Ilisomesha watoto wanne, mimi nikiwa wa tatu. Miaka miwili iliyopita iligoma kuwaka, na duka hilohilo ndilo lililoniambia hiyo ni chuma chakavu, ipeleke kwa wapima kilo. Niliwaamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Jumapili nimeishusha. Kabureta lake limekaa juu ya tangi, na ndani yake kuna kipande cha raba chembamba kinachopiga kama pafu kuvuta petroli. Kilikuwa kimekakamaa na kuchanika pembeni. Basi! Ndugu yangu aliyeko Dar amenitafutia kingine kule eneo la Gerezani kwa Sh8,000, kimekuja na basi. Nikasafisha tangi, nikabadili plagi, mvuto wa tatu ikawaka.

Kabla ya kuifunga nilifanya jambo moja, na ninaomba kila mwenye mashine alijue. Nilifungua kifuniko cha silinda, boliti nane, nikaiweka sambamba na ile mpya juu ya gunia. Nikachukua kisumaku nilichokitoa kwenye spika ya redio mbovu, maana sumaku hunasa chuma, hainasi alumini. Kwenye ya mzee kikanasa ukutani, ta! Kwenye mpya kikateleza mpaka juu ya pistoni. Nikarudia, kikateleza tena. Ukuta wa ile mpya una mikwaruzo ya wima kutoka juu hadi chini, ukipitisha ukucha unakwama. Wa ile ya mwaka 1988 unang'aa, na ringi zake zimebadilishwa mara moja tu ninayoikumbuka mimi. Mzee alizibadilisha mwenyewe, akasaga na vavu (vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) siku hiyohiyo, chini ya mwembe.

Siyo kwamba kila injini ya zamani ilikuwa nzuri. Briggs & Stratton ilianza kutoa injini za bodi ya alumini mwaka 1953, na katika nyingi za bei ndogo pistoni ilikuwa inatembea kwenye alumini tupu. Lakini za kazi nzito ziliandikwa I/C, na ndani ziliwekewa bomba la chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Hii ya mzee imeandikwa hivyo. Mnunuzi alisoma herufi mbili akajua analipia nini. Mashine yangu mpya ina stika kubwa ya kazi nzito, na ndani ni alumini tupu. Huo ni uongo uliobandikwa kwa gundi.

Najua kuna watakaosema za zamani zinakula mafuta. Ni kweli. Vavu zake ziko pembeni ya silinda badala ya juu, moto wake hauchomi vizuri, inanimalizia petroli kuliko mpya na moshi wake ni mchafu zaidi. Nakubali yote. Lakini teknolojia mpya siyo tatizo. Honda GX, zilizoanza mwaka 1983, vavu ziko juu, bomba la chuma limo, ndizo hizo kwenye pampu za umwagiliaji, na ringi zake zinauzwa. Inawezekana, ila mwenye duka anaagiza ile itakayomrudishia mteja mapema.

Ninachodai ni vitu viwili. Andikeni kwenye boksi silinda ni ya chuma au ya alumini, halafu bei kila mtu achague mwenyewe. Na ukileta injini, leta na ringi, pistoni na gasketi zake. Kama hazipo, mwambie mteja kabla hajatoa hela.

Wenye mashine za baba zenu zimelala stoo, msiuze kwa kilo kabla hamjafungua kabureta.

Kesho saa tatu asubuhi narudi pale dukani na silinda yao ndani ya mfuko, na kisumaku. Nataka fundi akiweke yeye kwa mkono wake, wateja wakiwepo.