Ufukwe wa Matema unaliwa, mchanga unaenda wapi?

Mwana_Uyole:
Wakuu habari zenu. Mi naishi Uyole ila kwetu Matema, kule kwenye kona ya Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone. Nikiwa mdogo kutoka kwenye mwembe wa mzee mpaka kwenye maji tulikuwa tunacheza mpira kabisa, sahivi mizizi iko nje na mawimbi ya Juni yanafika shinani. Halafu ukiingia ziwani maji yanafika kifuani, ukisogea mbele kina kinapungua tena unakanyaga fungu la mchanga, na mwaka jana fungu lilikuwa karibu zaidi. Kaka anataka tujenge ukuta wa mawe. Naombeni ushauri, mzee tumemzika hapo hapo, inaniuma sana.

Mvuvi_wa_usipa:
Pole sana ndugu yangu. Hilo fungu ndo mchanga wenu huo, haujapotea. Kusi likianza kuvuma kuanzia Mei hivi mpaka Agosti linasukuma mawimbi kutoka Malawi huko, ziwa lina zaidi ya kilomita 500 na nyie mko mwisho kabisa, wimbi linakuja halijazuiwa na kitu. Likipiga linarudi na mchanga, unatua kule linapovunjikia, fungu linajengeka na kusogea nje. Upepo ukipoa vile viwimbi vidogo vinaurudisha taratibu, unaweza kuchukua miezi. Na fungu linawasaidia maana wimbi kubwa linavunjikia huko kabla halijafika kwenye mwembe. Ila watoto wasiogelee kwenye mwanya kati ya fungu na fungu, maji yanayorudi ziwani yanapita hapo kwa nguvu sana, yanambeba mtu mzima.

Kyela_Damu:
Naongezea, ziwa lenyewe linapanda na kushuka. Kuanzia 1915 mpaka 1935 mlango wa mto Shire, ule unaotoa maji ya ziwa kule kusini, uliziba kwa mchanga na majani, maji hayatoki, ziwa likawa linapanda tu mpaka lilipofungua njia tena. Ufukwe ukiwa bapa, maji yakipanda mita moja yanakula hatua nyingi sana za nchi kavu. Kwa hiyo usipime Mei mvua zikiwa zimejaza ziwa halafu ukalinganisha na Novemba, utaona hasara ambayo haipo. Pima mwezi ule ule kila mwaka.

Mama_Tukuyu:
Mwanangu ukuta msijenge. Nimekaa Dar miaka mingi, Kunduchi nimeiona, wimbi likigonga ukuta linachimba chini yake, mchanga wa mbele unaisha na wa jirani unaliwa, na kule mito inayolisha ufukwe walikuwa wanachota mchanga wa kujengea, sasa bahari itakula nini? Mchanga wenu nyie unaletwa na mto Lufilyo, wanaochota mtoni ndo wa kuongea nao kwanza. Matete yaacheni yaote. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, mtajenga halafu mtabomolewa.

Mwana_Uyole:
Ndaga fijo wote. Kaka nimemsomea kwenye simu, amekubali kusubiri. Jumamosi nashuka, napiga kigingi kwenye mwembe na kingine kaburini, nahesabu hatua mpaka kwenye maji, narudia mwakani mwezi huu huu. Mama, na hao wa mtoni nitaenda kuwaona, wawili nimesoma nao.