Mialo na mitambo iliyotelekezwa Chunya: serikali isafishe kwa kodi zetu?

Mama Junior, Makongolosi
Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Makongolosi, wilayani Chunya, kuna eneo kama ekari mbili. Zamani palikuwa na mialo ya kuoshea dhahabu, baadaye akaja mtu akajenga matenki ya kuchenjulia marudio, yaani kutoa dhahabu iliyobaki kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa. Aliondoka miaka kadhaa iliyopita, hajaonekana tena. Kabakiza matenki yaliyopasuka, vidimbwi na lundo la mchanga wa kijivu. Mvua ikinyesha, mchanga unashuka hadi mferejini. Jana nimemkuta mwanangu wa miaka minne anasonga ugali wa kitoto kwa mchanga ule, mikono ya kijivu hadi viwikoni, na mdomoni umo. Nimemwogesha mara tatu.

Sasa yanasemwa maneno ya kuweka vibanda vya biashara palepale. Mimi nasema serikali itoe fedha, udongo upimwe, uchafu uondolewe, ndipo watu wajenge. Nyie mnaonaje?

Mkulima wa Mbozi
Pole na mtoto, mama. Ila kwa kodi yangu, hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iko wazi kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Atafutwe huyo mtu. Tukianza kuwasafishia, kila mwenye mtambo atachuma, atafunga mizigo usiku, atatuachia sisi tufagie.

Na tuambiane ukweli, uchafu mwingine mmeuleta wenyewe. Kina mama wa mialoni wanakanda zebaki ya kunasia dhahabu kwa mikono kama unga wa chapati. Elimu hakuna.

Bi Karasha
Kaka wa Mbozi, hiyo "elimu hakuna" imenichoma. Mimi ni huyo mama wa mwaloni, mwaka wa kumi na moja huu. Mikono hii imesomesha watoto wawili hadi chuo. Zebaki naletewa na mnunuzi yuleyule anayenunua dhahabu yangu. Ananikopesha asubuhi, jioni anakata kwenye bei. Nikikataa, sina wa kumuuzia. Hiyo elimu unayoisema ingenisaidia nini hapo?

Na wewe mrututu unaopuliza kwenye kahawa kila msimu unakwenda wapi? Unapaa mbinguni?

Mkulima wa Mbozi
Usilinganishe mrututu na zebaki hata kidogo. Mrututu babu yangu alipuliza, baba alipuliza, na migomba iko palepale katikati ya kahawa na tunakula ndizi. Bila mrututu chulebuni, ule ugonjwa wa buni, inamaliza shamba lote. Mnaongea kitu msichokijua.

Kijana wa Mwanjelwa
Mrututu ni shaba, na shaba haiendi popote mzee wangu. Kila msimu unaongeza juu ya ile ya jana. Sisemi ni sawa na zebaki, nasema usijitoe kwenye hesabu.

Ila kwa Bi Karasha, nilisikia kwamba kushika zebaki kwa mikono hakuna shida, shida ni moshi.

Mkulima wa Mbozi
Kijana, umeshawahi kulima hata mche mmoja? Njoo msimu huu nikukabidhi bomba la mgongoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, halafu jioni urudi hapa unihesabie shaba.

Mpima Udongo
Naomba tuache kahawa. Kijana, kwenye moshi uko karibu na ukweli, lakini "hakuna shida" si kweli. Ngozi inapitisha kidogo, mapafu yanapitisha nyingi. Hatari kubwa ni pale donge la dhahabu na zebaki linapochomwa kwenye kikaango wazi, mara nyingi jikoni, watoto wakiwa pembeni. Mvuke hauonekani na hauna harufu.

Na hapo kwa Mama Junior kuna sumu mbili, si moja: zebaki, na sayanaidi ya kuyeyushia dhahabu kwenye matenki. Sayanaidi ikikaa kwenye kidimbwi cha wazi jua linaipunguza. Zebaki haiozi. Marudio yana zebaki ya mialo ya zamani. Ukiyamwagia sayanaidi ili upate dhahabu iliyobaki, na zebaki inayeyuka humo na kuanza kutembea na maji. Maji ya Chunya yanaelekea Ziwa Rukwa. Kwenye tope la chini vijidudu vinaigeuza kuwa aina inayoingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki inaingia kwa mlaji. Ndiyo iliyoua watu Minamata kule Japani miaka ya 1950. Mkataba wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la mji huo, na sisi tuliuridhia 2020.

Kwa hiyo kufukia kwa kifusi na kujenga vibanda juu hakusafishi kitu.

Bi Karasha
Asante mwanangu. Umeeleza bila kunitukana.

Mwalimu Mstaafu, Iringa
Nirudi kwenye swali la fedha. Marekani walifika hapa kabla yetu. Pale Love Canal, mji wa Niagara Falls, kampuni ilizika taka za kemikali, kisha shule na nyumba zikajengwa juu yake. Mwaka 1978 watu wakaanza kuhamishwa. 1980 wakatunga sheria: mchafuzi akipatikana analipa, asipopatikana inatumika fedha iliyotokana na kodi ya kampuni za mafuta na kemikali. Kodi hiyo ilikoma 1995, mzigo ukamwangukia mwananchi wa kawaida, hadi 2021 walipoanza kuirudisha. Mwaka 2002 wakaongeza sheria ya ruzuku kwa miji yenye viwanja vilivyotelekezwa, na aliyesababisha uchafu hapati senti.

Sheria yetu ya 2004 nayo inautaja Mfuko wa Taifa wa Mazingira. Hata huku Iringa kuna ghala bovu la dawa za mashamba karibu na ninapokaa. Ukipita mchana wa jua kali, harufu inakukaa kooni hadi jioni. Na watu wanang'oa mabati yake wanaezekea mabanda ya kuku.

Mkulima wa Mbozi
Mwalimu, Marekani wana kampuni za mafuta. Sisi tumkamate nani?

Bi Karasha
Dhahabu inayouzwa ipo! Tangu soko la dhahabu lifunguliwe Chunya 2019 tunakatwa mrabaha, na halmashauri inachukua ushuru wa huduma. Itengwe sehemu humo ya kusafisha tulikochimba. Mimi nakatwa tayari, nataka nione matunda yake mtaani kwangu.

Fundi Matenki
Jamani, mnauita uchafu, mimi nauita mali. Lundo la kijivu la Mama Junior bado lina dhahabu. Mialo inaacha nyingi, ndiyo maana mitambo ya marudio ipo. Serikali ikileta malori ikasomba, imesomba mali ya mtu. Anayetaka pasafishwe aturuhusu tuchenjue tena, kwenye matenki mazima na sakafu isiyovuja, na mabaki tuyaweke kwenye bwawa lenye turubai. Eneo litasafishwa bila kodi ya mtu.

Mpima Udongo
Nani atakagua hiyo sakafu? Yule aliyeondoka naye alianza na matenki mazima.

Bi Karasha
Na mali ya nani, Fundi? Huo mchanga tuliutwanga na kuuosha sisi. Mwenye mwalo alibaki na marudio kama malipo ya kutumia mwalo wake, akauza kwa mwenye mtambo, mwenye mtambo kakimbia. Kama yana dhahabu, na sisi tumo.

Fundi Matenki
Mama, makubaliano ya mwaloni unayajua. Ukishaosha, marudio si yako tena.

Kijana wa Mwanjelwa
Kwa hiyo faida ikionekana ina wenyewe, sumu ikionekana ni ya serikali?

Mama Junior, Makongolosi
Nimesoma yote. Niliuliza kuhusu mahali anapochezea mtoto wangu, tumefika kwenye kugawana lundo. Kesho naamkia kukata miiba nizungushie upande wetu wote hadi mferejini.

Fundi Matenki
Zungushia dada, ila acha njia ya lori upande wa barabara.

Mama Junior, Makongolosi
Lori la nani?