Wakuu, nina chupa 43 za bia kabatini na joto la Dar linazimaliza. Zipi ninywe, zipi nitunze?

Kabati_la_Tabata (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Naomba ushauri. Wale wa "pombe ni dhambi" nawaheshimu, ila huu uzi upiteni tu kwa amani.

Tangu 2019 nakusanya bia za viwanda vidogo, zile zinazopikwa kidogo kidogo kwa mkono wa mtu. Silewi nazo. Chupa moja tunagawana watu watatu, naonja, naandika kwenye daftari. Ndugu wakisafiri hawaniulizi tena niwaletee zawadi gani. Sasa hivi kabatini kuna Orval sita, Rochefort 10 nne, Westmalle Tripel kadhaa (zote hizo bia za watawa wa Ubelgiji), gueuze mbili za kiwanda cha Cantillon (bia chachu, nayo ya Ubelgiji), na IPA, zile bia chungu zenye harufu ya matunda, kama kumi na tano hivi za Nairobi na Uingereza. Zilizobaki ni mchanganyiko.

Kilichonitoa jasho ni Jumamosi. Shemeji yangu kamaliza chuo, nikamfungulia IPA niliyoitunza miaka miwili nikisubiri siku kama hiyo. Wiki nzima nilikuwa nampigia debe: utasikia embe, utasikia ganda la chungwa. Kumimina, rangi imekuwa ya chai ya rangi. Harufu ya boksi lililonyeshewa mvua! Shemeji kaonja, kaniangalia kwa huruma, kasema "si mbaya, kaka", halafu akaomba soda.

Kabati liko sebuleni na ukuta wake unapigwa jua la jioni. Chupa tupu zaidi ya 100 ziko uvunguni mwa kitanda, sisimizi wameshazijua, na mama watoto ameshatoa tarehe ya mwisho. Nifanyeje?

Chupa_Kongwe

Pole mkuu. Niko Antwerp, Ubelgiji, mwaka wa kumi na moja, hizi ndizo jirani zangu. Niseme ukweli: ile IPA umeiua kwa mapenzi. Harufu ya embe na chungwa inatoka kwenye hopsi, yale maua ya uchungu, na ndiyo ya kwanza kuondoka. Hata ungeitunza kwenye friji miaka miwili, usingeikuta ile uliyonunua. Boksi lililolowa ni hewa kidogo iliyobaki ndani ya chupa ikifanya kazi yake, na joto linaiharakisha: kila nyuzi 10 zikiongezeka, kazi hiyo inakwenda kasi mara mbili au tatu. Sasa piga hesabu ya sebule ya Tabata mwezi wa pili.

Kwa hiyo IPA zote weka kwenye friji leo, zimalize mwezi huu. Usisubiri mtu amalize chuo.

Rochefort 10 ni habari nyingine. Asilimia 11.3, nyeusi, kimea kingi, ina hamira hai chini ya chupa. Hiyo inakaa miaka na inazidi kulainika. Orval ndiyo ya kuchezea: watawa wanaiwekea hamira ya mwituni wakati wa kujaza chupa, nayo inaendelea kula sukari humo ndani. Ikiwa mpya ina uchungu wa maua. Ikivuka miezi sita inakauka, yaani utamu unaisha, na kupata harufu ya zizi la farasi, usicheke, ndiyo wanayoitafuta. Huku kuna baa zinazokuuliza unataka changa au ya zamani. Tarehe ya kujazwa imeandikwa kwenye lebo. Una sita? Fungua moja kila mwaka, uandike.

Gueuze za Cantillon usiwe na haraka nazo. Ni mchanganyiko wa bia za mwaka mmoja, miwili na mitatu, zilizochachushwa na vijidudu vya hewani pale Anderlecht, Brussels. Zina uchachu wa kujilinda.

Fundi_Gesi

Mimi mnywaji wa maji, ila friji ndiyo kazi yangu. Mkuu, tafuta friji kuukuu, hata lenye mlango uliopauka, mradi mpira wa mlango unashika. Thermostati yake haifiki nyuzi unazotaka, itakugandishia tu. Nunua kidhibiti joto cha nje chenye waya wa kuingiza ndani, friji unalichomeka humo, unaweka 13. Umeme ukikatika usifungue mlango; friji lililojaa chupa linashika ubaridi muda mrefu. Chupa zisimame wima, mashapo yakae chini.

Na lisiwekwe ukuta ule wa jua, nimesema mapema.

Njombe_Kipupwe

Friji la nini? Sisi huku Juni na Julai tunaota moto. Nitumie kwa basi, nina stoo ya viazi, giza totoro. Nitazitunza kama zangu.

Kabati_la_Tabata

Hilo la "kama zangu" ndilo linalonitisha 😂

Wa_Ngara

Niko Nairobi. Ongezeni mwanga kwa hiyo orodha ya maadui. Kuna duka moja nilikuwa napitia, chupa za kijani zimepangwa dirishani zinaota jua kutwa. Nilinunua moja, kufungua tu, kicheche amepita! Miale ya jua inavunja ule uchungu wa hopsi na kuzaa harufu hiyo, na haichukui siku, ni dakika. Chupa ya kahawia inakinga sana, ya kijani kidogo, nyeupe hakuna kitu. Kopo ndilo salama kabisa. Na ukija huku, IPA ya 254 au Bateleur, viwanda vidogo vya hapa, inywe hapa hapa. Usiibebe kwenda kuizeesha.

Binti_Kibosho

Nawasoma nacheka. Bibi yangu anapika mbege: kimea cha ulezi, ndizi mbivu zilizochemshwa, na gamba la msesewa kwa uchungu. Hopsi zenu ndiyo msesewa wetu. Siku ya kwanza tamu, ya tatu kali, baada ya hapo anayeinywa ana shida zake. Hakuna aliyewahi kuikusanya kabatini.

Kuhusu uvungu: bandua lebo, chupa rudisha. Loweka kwenye maji moto na magadi, baada ya saa moja lebo nyingi zinabanduka zenyewe. Kausha kwenye gazeti, bandika kwenye lile daftari pamoja na ulichoandika. Kizibo kimoja kimoja weka kwenye mtungi wa kioo. Wifi atapumua.

Chupa_Kongwe

Hapo kwa lebo umemaliza dada. Nyongeza ndogo: Rochefort usiinywe ikiwa baridi ya kuuma meno, inakufa ladha. Itoe kwenye friji nusu saa kabla. Sisi tuliozoea kuulizwa baa "ya baridi au ya moto?" tulikuwa tumetangulia bila kujua. Na mgawane kweli: kichupa kile cha mililita 330 kina kilevi cha chupa kubwa moja na nusu za bia ya asilimia 5.

Kabati_la_Tabata

Mrejesho, wiki ya tatu. Friji nimepata kwa jirani aliyehama, fundi kaweka kidhibiti, linasoma 13. IPA zimebaki nne. Lebo 61 zimeshaingia daftarini, uvungu mweupe.

Jana nikafungua Orval ya 2021, nusu saa nje, glasi tatu. Nilitegemea boksi tena. Ilikuwa kavu, povu limesimama, na lile zizi la farasi lipo kweli. Mama watoto, ambaye kwa miaka yote hii hajawahi kugusa bia zangu, kainusa, kanywa kidogo, kanyamaza. Kisha akasema: "Hii kama mbege ya siku ya tatu." Akajiongezea.

Zimebaki tano, na sasa tuko wawili.

Njombe_Kipupwe

Stoo bado ipo, mkuu.